Upande wa Nne wa Nyumba ya Msambweni

Nimestaafu miezi mitatu sasa na miguu yangu bado haijapata habari. Juzi binti yangu alinijia uso umemshuka. Jirani amelalamika: kila nikienda msikitini nasimama mbele ya nyumba yake, nalitazama paa, napinda shingo kuangalia pembeni, kisha naondoka bila kusema neno. "Baba, mwenzio anadhani unataka kumwibia," aliniambia. Nikamjibu amwambie jirani kwamba nguzo yake ya pembeni imeshaliwa na mchwa kwa ndani, na mwizi akitaka kuingia hana haja ya kuvunja mlango. Binti hakucheka.

Ndivyo kazi ilivyonifanya. Vijana wa ofisini mmeniomba niandike nilivyoianza, nami nimekubali, mradi msitarajie hadithi ya vyeo na mishahara. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa na mishahara mnaijua. Nitawaandikia kuhusu miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana wa Kwale mwenye baiskeli ya kuazima, na kuhusu nyumba moja iliyoninyima utulivu.

Kwanza niwaeleze wale waliojiunga juzi. Mtu akitaka kununua nyumba, au kuirithi, au kuiweka rehani, huhitaji mtu asiye na upande amwambie thamani yake. Huyo ndiye mthamini. Mara nyingi mthamini huingia ndani, akafungua milango na kugonga sakafu. Lakini ziko nyumba ambazo haziingiliki: mwenyewe yuko mbali na ufunguo, au wapangaji wamekataa, au ndani mna watu wasiopaswa kuonekana na mgeni. Hapo hufanywa tathmini ya nje. Unasimama nje, unatazama, unapima unachoweza kupima, na yaliyobaki unayasoma kama unavyosoma uso wa mtu. Ni kazi halali, na ikifanywa vizuri haina aibu yoyote. Ikifanywa vibaya ni uongo wenye muhuri.

Aliyenifundisha ni Fundi Kassim wa Likoni. Alikuwa mwashi kwa miaka mingi kabla mgongo haujamkatalia, na ofisi yetu ya Mombasa ikamchukua awe macho yake upande wa kusini wa kivuko. Siku yangu ya kwanza alinipeleka Galu, kwenye nyumba ya mapumziko ya mkulima mmoja Mzungu wa bara aliyekuja pwani mara moja kwa mwaka. Sasa alitaka kuiuza, na mnunuzi alikuwa na haraka. Nyumba imefungwa, ufunguo uko bara, na mlinzi aliyeachwa alikuwa na amri moja tu, kwamba mtu asiguse kitasa.

Fundi aliniambia nipime urefu wa ukuta kwa hatua. Nikapima, nikarudi kwa ushindi: futi sitini. Yeye akatoa kamba yake yenye fundo kila futi tatu, akapima polepole, akapata arobaini na nane.

"Umeongeza chumba kizima," alisema. "Kipo wapi nikalale?"

Tangu saa nne mpaka adhuhuri alinitembeza kati ya minazi miwili, kamba imenyooshwa chini mchangani, mpaka hatua yangu ikawa moja. Mlinzi alikaa kivulini akitutazama kama watu waliopungukiwa na akili. "Tembea kama mtu anayekwenda kazini," Fundi aliniambia kila nikigeuka. "Wewe unatembea kama mtu anayetoroka deni." Alikuwa amenijua mapema. Mwili wangu haukupenda kukaa mahali. Nilitaka nimalize hii niione ile. Kwa mthamini hiyo ni hatari, maana nyumba ambayo hujaimaliza kuitazama hujaiona.

Nilijifunza mengi kwake, na nitaandika machache. Makuti mapya ni ya manjano, ya miaka mitatu ni ya kijivu, na yakianza kuwa meusi upande mmoja tu basi uliza moshi unatokea wapi, kwani jiko liko chini yake. Chumvi ikipanda ukutani kwa alama nyeupe, tazama imefika goti au kiuno. Ikifika kiuno msingi unakunywa maji. Mlango wa mbele husema mwenye nyumba anapenda aonekaneje, kwa hiyo usiuamini sana. Na boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko haukui kwa matakwa ya mtu. Ukipita futi tisa au kumi huanza kupinda. Kwa hiyo kwenye nyumba ya mawe, ukihesabu ncha za boriti zinazoonekana ukutani kwa nje unaujua urefu wa chumba, na upana wake umeshaujua kabla hujauliza. Siku nilipoyaelewa hayo nilihisi nimepewa macho ya kupenya mawe. Huenda hapo ndipo kiburi kilipoanza.

Tulikwenda mpaka Mackinnon Road, kupima maduka ya mabati kando ya reli. Mwenye duka mmoja alitukatalia kuingia kwa sababu aliamini kwamba sisi ni watu wa kodi, akatufuata kila pembe akiwa amebeba fimbo ya ng'ombe. Fundi alimwuliza kwa upole kama angependa kutushikia ncha ya kamba. Akaishika. Alitusaidia kupima duka lote huku akitutukana.

Baada ya mwaka hivi nikaanza kutumwa peke yangu. Nilikuwa mwepesi. Asubuhi Diani, mchana Gazi, jioni niko kivukoni na karatasi mbili zimekamilika. Chini ya kila karatasi palikuwa na mstari ambao mthamini alitia saini, kwamba ameizunguka nyumba yote na kuitazama kwa macho yake. Nilikuwa natia saini pale kabla wino wa juu haujakauka.

Basi ndipo nilipotumwa Msambweni.

Bwana mmoja alikuwa amefariki bila kuacha mtoto. Warithi walikuwa wawili: mjane wake, Bi Mwanamisi, na ndugu yake, Bwana Mwinyi. Robo ya mjane, kilichobaki cha ndugu. Hayo yalijulikana na hayakuwa na ugomvi. Mwinyi alikuwa tayari na mnunuzi wa kutoka mjini aliyetaka kiwanja kile ajenge maduka yanayotazama barabara. Ilibaki karatasi ya thamani ipelekwe kwa kadhi, ili siku mjane anapomaliza eda apewe robo yake na nyumba ibomolewe.

Kwa wasiojua, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hukaa ndani, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume wa kando haonani naye. Kwa hiyo ilikuwa ni tathmini ya nje, bila mjadala.

Mwinyi alinipokea barazani kwa kahawa na kashata. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, makuti yamekwisha, ukuta wa mbele umebetua tumbo. Kulia, nyumba ya jirani ilikuwa imesogea hata mkono haupiti. Kushoto niliifuata kwa hatua mpaka nikafika kwenye ua wa makuti uliofunga njia. Nyuma ya ua ule kulikuwa na kichochoro, na nikasikia sauti za wanawake na mchi ukitwanga.

"Huko ni kwa wanawake," Mwinyi aliniambia, akishusha sauti kwa heshima. "Na mjane yumo edani. Kuna jiko la makuti na choo, basi."

"Haina haja," nikasema.

Nilijivunia adabu yangu. Mimi ni mtoto wa hapa. Mzungu angeingia kule na viatu vyake, mimi najua mipaka. Nikaandika: nyumba moja, ya miti na udongo, iliyojengwa wakati mmoja, hali mbaya. Nikatia saini. Nikawahi basi.

Wiki mbili baadaye nilirudi Msambweni kwa kazi nyingine. Nilikuwa napita sokoni, kwenye meza za samaki, niliposikia mtu ananiita kwa jina la kazi.

"Wewe, mpimaji! Wewe ndiye Omari?"

Alikuwa bibi mwembamba mwenye kapu, buibui limeshushwa mabegani. Baadaye nilijua kwamba ni Bi Tatu, somo wa Bi Mwanamisi, aliyemfunda na kumsimamia tangu harusi yake.

"Ndiye mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ingawa sijui kama unastahili kuitikiwa. Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Afadhali. Kwa upimaji wako ungeoa buibui tupu."

Wauza samaki wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama nataka kupima samaki wake bila kumgeuza. Nilicheka nao, lakini Bi Tatu hakucheka.

"Mwanamisi aliuza bangili zake zote sita," alisema. "Akajenga nyuma. Vyumba viwili vya mawe na kisima cha maji matamu. Marehemu mumewe alikuwa na ile ya mbele tangu hajaoa. Ya nyuma ni ya mwanamke yule, na wewe umeandika haipo."

"Bibi, niliambiwa kuna jiko la makuti."

"Uliambiwa. Kazi yako ni kuambiwa?"

Nikamwuliza kama kuna fundi aliyejenga, atoe ushahidi. Amekufa. Maandishi? Mke na mume, nani aandikiane? Yuko sonara aliyenunua bangili, na wako wanawake waliobeba chokaa vichwani. Lakini kadhi alikwisha kumwambia Bi Tatu: karatasi ya mthamini inasema nyumba ni moja na ni ya wakati mmoja. Kama hakuna nyumba ya pili, mashahidi wa nyumba ya pili wanashuhudia nini? Na Bi Mwanamisi mwenyewe, kwa eda, hakuweza kusimama mbele ya baraza akasema. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla kadhi hajasikiliza shauri.

"Twende," nikasema.

Bi Tatu alitangulia kichochoroni akipaza sauti, "Jistirini, jistirini! Yuko mwanamume, lakini hana madhara!" Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Mchi ukanyamaza. Tukapita ua wa makuti kwa nyuma, na nikauona upande wa nne.

Ulikuwa ukuta wa mawe ya matumbawe, umenyooka, umepigwa chokaa laini mpaka unang'aa. Juu yake nilihesabu ncha ishirini na mbili za boriti zilizopangwa kwa usawa. Paa lilikuwa la bapa, fupi, ndiyo maana lile la makuti la mbele lililificha. Na pale mawe yalipokutana na udongo palikuwa na mshono, wima, kutoka msingi mpaka juu. Ningeweza kuutia ukucha. Fundi yeyote, hata mwanagenzi wa mwezi mmoja, angejua kwamba kuta zile mbili hazikuzaliwa pamoja. Ardhi chini ya mlango wa uani ilikuwa imelowa, na alama za ndoo za majirani zilikuwa zimeichimba.

Sikuhitaji kuingia ndani. Sikuhitaji kumwona mwanamke yeyote. Nilihitaji kutembea hatua thelathini zaidi.

Bi Tatu aliingia, akakaa kidogo, akatoka. "Anasema usimwonee huruma. Anasema andika unachokiona."

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama. Kazini Diani nilizunguka nyumba moja mara tano, mwenyewe akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kurekebisha karatasi kulimaanisha kukiri kwamba nilitia saini jambo nisilolifanya, na mtu wa namna hiyo ofisi haina sababu ya kumweka. Nilijaribu kujishawishi: Mwinyi ndiye aliyedanganya. Halafu nikawa nakumbuka kahawa na kashata, na jinsi nilivyosema "haina haja" bila hata kuulizwa.

Sikumwambia Fundi Kassim. Niliogopa uso wake kuliko kufukuzwa. Siku ya shauri nilipanda basi la kwanza, nikakaa nyuma ya chumba alimosikilizia kadhi, mpaka karatasi yangu iliposomwa. Nikasimama.

"Sheikh, mimi ndiye niliyeandika hiyo. Si sahihi."

Kadhi, mzee wa maneno machache, alivua miwani. "Hii ni saini yako?"

"Yangu."

"Inasema uliizunguka nyumba yote."

"Sikuizunguka, sheikh."

"Basi uliandika nini?"

"Nilichoambiwa."

Mwinyi aliruka. "Sheikh, kijana huyu amehongwa na wanawake!"

"Wamemhonga nini, Mwinyi?" sauti ya Bi Tatu ikatoka mlangoni. "Mkate wa sinia?" Watu wakacheka, na kadhi akagonga meza.

Kadhi hakuniuliza zaidi. Alivaa viatu, akatuambia tumfuate. Bi Tatu alitangulia tena na tangazo lake, safari hii bila mzaha, na wanaume sita tukaingia kichochoroni tukitazama chini mpaka tulipofika ukutani. Kadhi aliutazama mshono kwa muda mrefu. Akaupapasa kwa kidole, kuanzia kifuani kwake mpaka alipoweza kufika.

"Mwinyi," alisema, "hapa pana nyumba ngapi?"

"Sheikh, marehemu kaka yangu—"

"Sikukuuliza ya nani. Nimekuuliza ngapi."

Mwinyi alitazama ukuta, akatazama mnazi, akatazama tena ukuta.

"Mbili," alisema.

Hapo mlango ukafunguka kwa mashahidi. Sonara alikuja na kumbukumbu yake, wanawake wakaja mmoja mmoja wakasimulia chokaa ilivyobebwa, na aliyesimulia kwa urefu zaidi ni yule ambaye hakubeba hata ndoo ya maji. Vyumba vya nyuma na kisima vikawa vya Bi Mwanamisi, na robo yake katika ile ya mbele haikuguswa. Mnunuzi wa mjini alitaka kiwanja kizima au asinunue; akaenda kutafuta pengine. Eda ilipokwisha, mjane hakuhama.

Nilirudi Likoni nikamkuta Fundi Kassim amekaa nje ya banda la ofisi anafunga upya mafundo ya kamba yake. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Nilimwamkia, nikangoja anifukuze. Hakuinua kichwa.

"Umerekebisha?"

"Nimerekebisha, Fundi."

"Na wakubwa nitasema nao mimi. Wewe niambie jambo moja." Akavuta fundo kwa meno. "Ile ni moja. Tangu uanze kwenda peke yako, umetia saini ngapi bila kupita nyuma?"

Wenzangu, ni swali jepesi sana hilo, na mnaweza kulijibu mkiwa mmekaa. Mimi nilianza kuhesabu kwa vidole. Nyumba ya Gazi yenye ukuta wa michongoma. Ile ya Diani ambayo mbwa alinikatalia kona moja. Vidole vikaisha, hesabu ikafika kumi na moja. Kila moja ilikuwa na mtu ndani yake, au mtu aliyeinunua kwa kuniamini, na nyuma yake huenda palikuwa na nyufa, au kisima, au bangili za mtu zilizogeuka mawe. Au hapakuwa na kitu. Sikujua, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia.

"Kumi na moja," nikasema.

Fundi alinitupia kamba. Hakusema niende siku gani wala nani atanilipia nauli.

Nilianza na Bodo, kwa sababu ndiyo niliyoipima nikiwa na haraka kuliko zote. Ilikuwa ni nyumba ndogo ukingoni mwa mikoko. Mtu wa Mombasa alitaka kuinunua akae mapumziko, na wauzaji walikuwa wanangoja jibu lake. Nilifika kabla ya adhuhuri, viatu mkononi kwa tope. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele. Alinitambua.

"Hodi," nikasema.

"Hodi ya nini tena? Si ulishapima?"

"Nilipima mbele, mama. Nimekuja kupima nyuma."

Alinitazama, akaweka ungo chini, akageukia ndani kuwaambia wanawake wajistiri.